Nimeitwa tena kwenye usaili wa mahojiano Dodoma: nifanye nini ulimi usigande kama mara ya kwanza?

Mtoto wa Ufipa:

Habari zenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa. Naomba ushauri wa watu waliopitia njia hii, kwa kuwa nimebakiwa na siku 18 na kila siku inayopita naona hofu inakua kuliko maandalizi yenyewe.

Mimi ni mhitimu wa shahada ya maendeleo ya jamii. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikijitolea katika ofisi ya kata huku Sumbawanga, nikivisaidia vikundi vya wanawake na vijana kuandika katiba zao, kufungua akaunti za benki na kujaza maombi ya mikopo. Mwaka jana niliitwa kwenye usaili wa nafasi ya Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II katika utumishi wa umma. Usaili wa mchujo, ule wa kuandika, niliufaulu vizuri. Kilichonishinda ni mahojiano.

Niliingia chumbani nikawakuta watu wanne nyuma ya meza ndefu, nikasalimia, nikaketi, nikajieleza kwa sauti iliyokuwa ikitetemeka lakini nikamaliza. Kisha mmoja wao akaniuliza jambo jepesi kabisa: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa ajili ya mikopo isiyo na riba hugawanywa vipi? Jambo hilo nimewaeleza akina mama wa vikundi mara zisizohesabika, na hata mtu akiniamsha usiku wa manane nitamjibu kwamba 4 ni za wanawake, 4 ni za vijana na 2 ni za watu wenye ulemavu. Siku ile nilifungua mdomo hakikutoka kitu. Masikio yalianza kuvuma, nikasema "tano kwa tano", nikajisahihisha kwa kosa kubwa zaidi, na kuanzia hapo maswali yote yaliyofuata niliyajibu huku mawazo yakiwa bado yamebaki kwenye lile swali la kwanza. Nilipotoka nje na kufika chini ya mti, nilikumbuka kila kitu, hadi namba ya kifungu cha sheria.

Sasa nimeitwa tena kwa kada ile ile. Nimerudia kusoma madaftari yangu yote mara tatu, lakini nikifumba macho naiona ile meza. Naomba kujua namna ya kujiandaa ili siku ikifika akili iwe mahali pamoja. Ushauri wa "jiamini tu, utaweza" nimeshaupata wa kutosha nyumbani, na nawashukuru walionipa, ila haujanisaidia.

Mkaa Jopo:

Marahaba, mwanangu. Nimestaafu utumishi, na katika miaka yangu ya kazi nilikaa upande wa pili wa meza hiyo mara nyingi, katika ngazi ya halmashauri na kwingineko. Siwezi kukueleza maswali utakayoulizwa wala sitajaribu kuyabahatisha, lakini naweza kukueleza tunachokiona tukiwa tumekaa pale, kwa sababu nadhani sehemu kubwa ya hofu yako inatokana na picha isiyo sahihi ya meza ile.

Mjumbe wa jopo anakuwa na karatasi ya alama mbele yake, na kila swali lina nafasi yake ya alama. Ukikosea swali la kwanza, alama ulizopoteza ni za swali hilo tu, na mjumbe akishaandika namba yake anahamia swali linalofuata akiwa amechoka, pengine wewe ni mtu wa 23 tangu asubuhi, na anatamani kwa dhati umpe jibu zuri ili naye asisimke kidogo. Msailiwa ndiye anayeendelea kulibeba kosa lile kutoka swali hadi swali, ilhali sisi tumeshafungua ukurasa mwingine. Kwa maelezo yako, hukuangushwa na ile "tano kwa tano". Uliangushwa na maswali matano au sita yaliyofuata, ambayo uliyajibu ukiwa hupo.

La pili ni namna unavyojiandaa. Umesema umesoma madaftari mara tatu. Kusoma ni kuingiza, lakini mahojiano ni kutoa, na mtu anayejizoeza kuingiza pekee asishangae mlango wa kutokea ukiwa mzito siku ya haja. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Baadhi walizirudia kwa kuzisoma tena, wengine wakafunika karatasi na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma tena ndio waliokuwa mbele, lakini baada ya wiki moja waliofunika karatasi waliwapita kwa mbali. Kinachonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika mkubwa kwamba watakumbuka. Daftari lililosomwa mara tatu hukupa hisia ya kujua, na hisia hiyo ndiyo inayokukimbia ukiona meza.

Kwa hiyo funga madaftari. Andika maswali 30 kwenye vipande vya karatasi, uvitie kwenye bakuli, uchomoe kimoja, usimame na ujibu kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtu. Nasema usimame na nasema kwa sauti, kwa sababu jibu la kimoyomoyo halina pumzi wala halikauki koo. Ukishazoea bakuli, tafuta watu. Usiwatafute wanaokupenda, kwa kuwa watakuitikia kwa vichwa na kutabasamu. Mwombe mtendaji wa kata, mwalimu mkuu wa jirani na mtu mwingine mmoja unayemwonea haya wakae nyuma ya meza, wasitabasamu, wasikuitikie, na wakukatize angalau mara moja. Ufanye hivyo mara nne au tano katika siku hizi 18, ukiwa umevaa nguo na viatu utakavyovaa Dodoma. Nimewaona wasailiwa ambao kiatu kipya kiliwasumbua kuliko sisi.

Na unaruhusiwa kunyamaza. Ukiulizwa swali, hakuna kanuni inayokutaka uanze kujibu kabla muulizaji hajafunga mdomo. Kimya cha sekunde 5 kwako wewe ni kama mwaka mzima, lakini kwetu ni mtu anayefikiri, na tunamheshimu kwa hilo. Unaruhusiwa pia kusema, "Naomba unirudie swali, tafadhali." Sijawahi kumwona mjumbe akimpunguzia mtu alama kwa sentensi hiyo.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Mzee wetu ameeleza upande wa akili vizuri. Niongeze upande wa mwili, kwa kuwa kuvuma kwa masikio, ulimi kukauka na mikono kutetemeka si udhaifu wa tabia, dada yangu, na ukijua vinatoka wapi havitakushtua sana vitakapokuja. Navyo vitakuja.

Ubongo unapodhani kuna hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi na za juu juu, mate hupungua, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa ili ukimbie au upigane. Mwili haujui kwamba "hatari" yenyewe ni watu wanne wenye miwani na chupa za maji. Mwaka 1908 wanasaikolojia Robert Yerkes na John Dodson walifanya majaribio kwa panya, wakagundua kwamba kwa kazi rahisi, kadiri msisimko ulivyoongezwa ndivyo panya walivyojifunza haraka, ila kwa kazi ngumu msisimko ukizidi kiasi waliharibu. Nimelikumbuka jaribio hilo kwa sababu linafanana na kisa chako: jina lako ulilitaja bila shida, kwani hiyo ni kazi rahisi, lakini hesabu ya 4, 4 na 2 ikapotea. Kwa hiyo usijiwekee lengo la kuwa mtulivu kama maji ya mtungi. Kiasi fulani cha msisimko unakihitaji, na kazi yako ni kuushusha hadi mahali unapoweza kufikiri.

Chombo cha kuushusha ni pumzi, hasa pumzi ya kutoka. Mapigo ya moyo hayatii amri yako, lakini mapafu yanakutii, na unapotoa hewa polepole mshipa wa neva uitwao vagasi huupunguzia moyo mwendo. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Hiyo inakupa takribani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 usiku kuanzia leo, usiisubiri siku yenyewe, kwa maana mwili unaoanza kujifunza jambo jipya ukiwa tayari umeshtuka hausikii. Naona watu wengi wanaoniambia "nilijaribu kupumua haikusaidia" walijaribu kwa mara ya kwanza mlangoni, tena walikuwa wakivuta hewa nyingi kwa nguvu badala ya kuitoa, jambo ambalo huleta kizunguzungu.

Kuhusu kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa stendi: kafeini huchukua takribani saa 5 ili nusu yake iondoke mwilini. Ukinywa saa 10 jioni, saa 3 usiku nusu bado inazunguka, na usingizi ndio unaopanga uliyojifunza mchana. Kama umezoea kikombe kimoja asubuhi, kinywe siku ya usaili pia, kwani kuacha ghafla huumiza kichwa. Usiongeze cha pili kwa ajili ya ujasiri.

Jambo la mwisho nalisema kwa uzito. Katika makundi ya simu kuna watu wanaoshauriana kumeza propranolo kabla ya usaili ili mikono isitetemeke. Hiyo ni dawa ya moyo na shinikizo la damu. Ni kweli hupunguza mtetemeko, lakini kwa mtu mwenye pumu inaweza kumbana kifua kwa namna ya hatari, na kwa mwenye mapigo ya chini inaweza kumwangusha. Usiimeze kwa ushauri wa mtu yeyote ambaye hajakupima.

Kada Mpya:

Mimi nimeajiriwa mwaka jana baada ya kuitwa mara tatu, kwa hiyo nitasema mambo madogo ambayo wataalamu huyapita. Katika mara hizo tatu, mara mbili sikushindwa na maswali. Nilishindwa na asubuhi.

Mara ya kwanza nilisafiri kwa basi la usiku nikashuka Dodoma alfajiri, nikanawa uso stendi na kwenda moja kwa moja kwenye foleni. Mara ya pili nilifika siku moja kabla, lakini sikuwa nimeandika namba yangu ya usaili, na tangazo husema waziwazi kwamba namba hupatikana kwenye akaunti ya mwombaji na haitolewi siku ya usaili. Nikaanza kuhangaika na intaneti ya simu saa 1 asubuhi, nje, katikati ya mamia ya watu. Nilipotaja jina langu baadaye mbele ya jopo nilikuwa nimeshachoka kama mtu aliyelima.

Dada, hakuna mazoezi ya pumzi yatakayokusaidia kama umekosa cheti halisi. Lisome tangazo lako la kuitwa kwenye usaili kama mkataba. Kwa kawaida Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachoendesha usaili huu wa utumishi wa umma, hutaka vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne na kuendelea, na haipokei hati za matokeo za muda mahali pa vyeti, hutaka kitambulisho, na kama majina yako yanatofautiana kati ya cheti na cheti, hutaka hati ya kisheria ya kuthibitisha jina. Hiyo ya majina isikukute imebaki wiki moja. Vipange kwenye faili kwa mtiririko ambao tangazo limevitaja, na baada ya hapo usilifungue tena faili hilo kila saa kuhakikisha kwamba vimo. Nilikuwa na ugonjwa huo. Nilipona nilipoandika orodha juu ya bahasha na kuweka alama ya vema, nikiona mkono unataka kufungua nasoma alama tu.

Kutoka Sumbawanga kupitia Tunduma, Mbeya na Iringa ni mwendo mrefu, kwa hiyo panga kufika siku mbili kabla kama fedha inaruhusu, kwa kuwa nauli, chakula na malazi ni juu yako. Siku ya kwanza lala. Siku ya pili nenda kwenye jengo lenyewe kwa miguu au kwa bodaboda, uone geti, uone choo kiko wapi, uone kivuli cha kusubiria. Mara ya tatu nilifanya hivyo, na asubuhi yake nilihisi narudi mahali ninapopafahamu.

Na toka kwenye yale makundi ya simu siku tatu kabla. Kila usiku hutokea mtu wa kusema amepata "maswali yaliyovuja", mwingine anasema nafasi zimeshagawiwa, na wewe unalala saa 8 za usiku ukisoma mambo ambayo hakuna aliyeyathibitisha.

Mtoto wa Ufipa:

Nawashukuru sana wote. Baba Mkaa Jopo, jana nilimwomba mtendaji wa kata na walimu wawili, wakakubali, na nilipoketi mbele yao kwenye darasa tupu nilitetemeka kama mara ile ile. Nilishangaa, maana nawafahamu wote. Hata hivyo nilimaliza maswali 8.

Naomba kuuliza mawili zaidi. Kwanza, mkiwa katikati ya jibu na maneno yakapotea kabisa, mnafanya nini kwa sekunde hizo? Pili, nasikia mara nyingine jopo huuliza kwa Kiingereza. Naandika Kiingereza vizuri, lakini nikikizungumza huwa natafsiri kichwani, na nikiwa na hofu mashine hiyo ya kutafsiri inazima.

Mkaa Jopo:

Umetetemeka mbele ya mtendaji unayemfahamu, na hiyo ni habari njema, kwa kuwa maana yake zoezi linafanana na kitu chenyewe. Kama usingetetemeka ningekwambia utafute watu wakali zaidi.

Kuhusu maneno kupotea: usiyatafute kwa kuchungulia ndani ya kichwa chako, kwani huko ndiko kulikojaa moshi. Rudi kwenye kitu unachokijua kwa mikono. Wewe umekaa na vikundi. Ukisahau mgawanyo wa asilimia 10, sema, "Naomba nieleze kwa mfano wa kikundi nilichokisaidia," kisha anza kusimulia kikundi cha akina mama kilivyojaza fomu, kikundi cha vijana kilivyokwama kwenye katiba, na yule mwenye ulemavu alivyoomba. Ukifika hapo namba zitakuwa zimeshajileta zenyewe, kwa sababu uliziweka kichwani pamoja na nyuso za watu hao, hukuziweka peke yake. Unaweza pia kuongeza kwamba mikopo hiyo inatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kwamba ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na ukaeleza uliyoyaona kwenye kata yako katika kipindi hicho. Mjumbe aliyekaa ofisini hajayaona hayo. Wewe umeyaona.

Zipo nyakati hata mfano hautakuja. Hapo sema kwa utulivu, "Sehemu hiyo imenitoka kwa sasa, naomba niendelee na iliyobaki." Ukishaisema sentensi hiyo kwa mdomo wako kwenye mazoezi mara kumi, utaacha kuiogopa hali yenyewe. Mwombe mtendaji akuulize makusudi maswali mawili usiyoyajua, ili uizoee.

Mwalimu wa Lugha Mbili:

Nimefundisha Kiingereza shule za sekondari kwa muda mrefu, kwa hiyo nijibu hilo la pili. Tatizo lako si msamiati. Unajaribu kutafsiri sentensi ndefu za Kiswahili, na sentensi ya Kiswahili iliyonyooka ikitafsiriwa papo hapo huzaa sentensi ya Kiingereza iliyopinda, ukaisikia mwenyewe kwamba imepinda, ukaanza kuirekebisha, na hofu ikaingia kwenye ufa huo.

Tengeneza majibu machache ya Kiingereza ambayo hayajawahi kupitia Kiswahili: kujieleza kwa dakika moja na nusu, kazi moja uliyoifanya, tatizo moja ulilolitatua, na sababu ya kuiomba nafasi. Yatamke, usiyaandike kwanza. Yarekodi kwenye simu, uyasikilize ukitembea, kisha uyaseme tena kwa sentensi fupi kuliko za awali. Usiyakariri neno kwa neno, kwa kuwa aliyekariri akikatizwa hulazimika kuanza mwanzo kama mtoto wa shairi. Kariri mpangilio tu, na sentensi ya kwanza. Sentensi ya kwanza ndiyo pekee ninayoruhusu ikaririwe, maana hutoka wakati moyo uko juu kabisa, na ikishatoka salama nyingine huifuata.

Ukiona Kiingereza kimekukwama, unaweza kuomba kwa adabu kufafanua hoja hiyo kwa Kiswahili. Jopo linaweza kukataa, ila kuomba si kosa.

Ninalo pia zoezi nililowapa wanafunzi wangu wa kidato cha nne kabla ya mitihani ya taifa. Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha mwaka 2011 utafiti ambao wanafunzi waliandika kwa dakika 10 hofu zao zote kuhusu mtihani muda mfupi kabla ya kuufanya, na wale waliokuwa na hofu kubwa zaidi ndio walionufaika. Nilidhani ni mchezo, nikajaribu. Sina takwimu za kukupa, ila niliona darasa likiwa kimya kwa namna nyingine. Ukiwa kwenye foleni, chukua karatasi, andika kila unachokiogopa bila kujali mwandiko, ikunje uitie mfukoni. Hofu iliyoandikwa huacha kuzunguka.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku:

Naunga mkono la karatasi, ila nina neno moja la tofauti na mwalimu. Si kila mtu hunufaika kwa kuandika hofu. Wapo wanaoizidisha kwa kuitazama. Lijaribu siku ya mazoezi na mtendaji kwanza. Likikuongezea tetemeko, liache, ubaki na pumzi zako.

Mtoto wa Ufipa:

Nimerudi, wapendwa, kama nilivyoahidi wengine kwa ujumbe. Usaili umefanyika juzi.

Nilifika siku mbili kabla kama alivyoshauri kaka Kada Mpya, nikaenda kuliona jengo, nikaona choo na mti wa kivuli. Usiku wa mwisho nililala saa 4 nikaamka saa 9, usingizi haukurudi, kwa hiyo nilifanya pumzi za 4 na 6 nikiwa nimelala chali mpaka kulipokucha. La karatasi nililijaribu nyumbani nikaliacha, dada Muuguzi, maana liliniongezea hofu kweli.

Foleni ilikuwa ndefu, niliingia saa 8 mchana. Walikuwa watano safari hii. Moyo ulikwenda mbio vilevile na koo likakauka vilevile, na nilipoviona vinakuja nikasema moyoni, "Haya, karibuni." Swali la kwanza lilikuwa kwa Kiingereza, nikalijibu kwa sentensi fupi. Swali la tatu sikulijua kabisa, nikasema ile sentensi ya Baba Mkaa Jopo bila kutetemeka, na mjumbe akaandika kitu chake akageuza karatasi. Ndipo nilipoelewa alichokuwa akinieleza kuhusu karatasi ile. Swali la nne nilikuwepo. La tano pia.

Hawakuniuliza kuhusu asilimia 10. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo kwa siku 18, na nusura nilitaje bila kuulizwa.

Majibu bado hayajatoka. Leo jioni nina kikao na kikundi cha vijana wa bodaboda ambao fomu yao ilirudishwa kwa kukosa muhuri, na nimemwalika mtendaji akakae nyuma ya meza, wao wajieleze mbele yake kabla hawajaenda benki.